Jina la Chemchemi ya Moto

Hadithi hii nawapa ninyi mnaopenda kubishana.

Kwenye mwezi mmoja wa barafu, unaoizunguka sayari kubwa iitwayo Jitu, waliishi ndugu watatu. Shuari alikuwa na jicho la kupima, Mize alikuwa na sikio kali, na mdogo wao Makame mikono yake haikujua kuchoka.

Mwaka mmoja mtambo wa joto wa kambi yao ulianza kufa. Watoto wakawa wanashinda wamejifunika blanketi. Msimamizi wa kambi, Bi Raya, akatangaza, "Atakayetupatia joto, jina lake litaandikwa kwenye ramani."

Shuari akaitazama Jitu dirishani. Haikuhama kamwe, kwa kuwa tangu zamani mvuto wake uliupunguzia mwezi ule mwendo wa kujizungusha, hadi ukabaki kuionyesha uso mmoja tu. Lakini alipoipima kwa fimbo yenye alama, aliona inanenepa na kukonda kila siku nne.

"Njia yetu si duara kamili," alimwambia Bi Raya. "Tukiikaribia inatubana, tukienda mbali inatuachia. Ukikunja na kukunjua waya hivyo, si hupata moto? Basi chini yetu kuna joto."

"Chini wapi, mwanangu?"

Shuari akamgeukia Mize.

Mize akavaa vazi la hewa, akatoka na nondo. Kila alipopita aliichomeka kwenye barafu, akaiegemezea kofia ya vazi lake na kusikiliza. Mara ishirini na sita hakusikia kitu. Ya ishirini na saba, Jitu ikiwa nene, barafu ilikoroma chini ya bonde.

"Ni hapa," akasema. "Ila ni mbali sana chini."

Makame akaanza kuchimba. Watu wa kambi walimsaidia wiki moja, wakakata tamaa.

"Mdogo wangu, pumzika basi," Mize alimsihi.

"Umesema ni hapa. Nami nimekuamini."

Siku ya kumi na tisa maji ya moto yakapanda, wakayavuta kwa bomba hadi kwenye bwawa ndani ya kambi.

Jioni hiyo watoto walioga hadi vidole vikakunjamana. Ndugu watatu wakaketi, miguu majini, wamejaa furaha.

"Bila mimi msingetafuta," akasema Shuari.

"Mngetafuta wapi?" akauliza Mize.

Makame akacheka. "Mimi ndiye niliyewalowesha."

Bi Raya akafungua ramani. Nafasi ilitosha jina moja tu. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akakupa wewe kalamu.

Haya, utaandika jina la nani, na wale wawili utawaambia nini?