Alama ya Kidole Gumba

Wamesimulia wazee waliotutangulia, Mwenyezi Mungu azinawirishe nyuso zao, kwamba katika mji mmoja wa mabonde ya Yemen aliishi mfinyanzi aliyeitwa Ghalib bin Usayd, mja mchaji mwenye zuhudi, aliyezipa kisogo anasa za dunia. Mitungi yake haikuvuja, wala ulimi wake haukuvujisha siri ya mtu. Chakula chake mwaka mzima kilikuwa uji mwepesi wa shayiri wenye chembe za chumvi, na mkewe, Bi Rabab, alikula alichokula yeye. Njaa ilikuwa imekaa nyumbani mwao muda mrefu hata wakaacha kuisikia, kama mtu anavyoacha kuisikia sauti ya jirani.

Ukaja mwaka ambao mawingu yalipita juu ya mji ule bila kutua. Mashamba yakakauka, mifugo ikakonda, na maradhi yakaingia nyuma ya ukame. Miongoni mwa waliofariki alikuwamo mchimba visima mmoja, rafiki mpenzi wa Ghalib, ambaye mkewe alikwisha kumtangulia. Alipofikwa na sakarati za mauti aliushika mkono wa Ghalib akasema, "Mwanangu Lubna ni amana kwako. Siku ya kukutana, nitakuulizia yeye kabla sijakusalimu." Kisha akakata roho, na mkono wake ukabaki umeukamata wa rafiki yake.

Lubna alikuwa katika umri wa kuuliza "kwa nini" kwa kila kitu. Siku za mwanzo nyumbani kwa Ghalib aliwafukuza kuku wa majirani, akavunja vyungu vibichi viwili vitatu, na kila bakuli lilipokwisha alilia kilio cha kusikika sokoni.

"Ami Ghalib, umeisha! Kwa nini umeisha?"

"Subiri, mwanangu," Ghalib akamwambia. "Mola anawapenda wanaosubiri."

Basi ikawa hivyo kila mlo. Na kadiri wakati ulivyokwenda, kilio kikapungua, kisha kikakoma. Mtoto akaacha kuwafukuza kuku. Akawa anaketi kivulini karibu na gurudumu la kufinyangia, mikono mapajani, akitazama mbele bila kutazama kitu. Ghalib akamshukuru Mola wake machozi yakimtoka. Aliona kwamba amemlea yatima akafika daraja ambayo watu wazima huitafuta miaka na miaka wasiipate. Akawahadithia wenzake msikitini, nao wakaja kumwona, wakampa jina: Mtoto wa Subira.

Bi Rabab hakufurahi kama walivyofurahi wao. "Bwana," alimwambia mumewe, "mtoto huyu siku hizi hachezi."

"Mchezo ni wa walioshikwa na dunia."

"Na yeye ataiachaje dunia, hata kuiona hajaiona?"

Ghalib alitabasamu, akarudi kwenye udongo wake.

Kilichomtuliza zaidi moyo ni kwamba mtoto alionekana kunenepa. Jirani yao, Bi Khawla, mwanamke mwenye moyo mpana na mdomo mpana zaidi, aliusimamisha mtungi wake mlangoni akasema, "Mashaallah! Mashavu kama tende zilizolowekwa! Hebu niambieni uji wenu mnautia nini, nami nikamtilie mume wangu, amebaki mifupa na maneno." Wakacheka wote. Lubna peke yake hakucheka.

Alasiri moja Ghalib alikaa kutawadha, na Lubna kando yake, kwa kuwa alimzoesha kumwiga. Mtoto hakunyanyua mguu, basi mzee akauchukua mwenyewe, akaukamata kwa kiganja, akamwagia maji na kuusugua kwa kidole gumba. Alipokitoa kidole, akaona kimeacha shimo.

Ndugu zangu, yule alikuwa mfinyanzi. Maisha yake yote alikuwa akibonyeza udongo mbichi na kuona alama ya kidole ikibaki. Alijua pia kwamba Mola alipomuumba mwanadamu kwa udongo alimpulizia uhai, na nyama yenye uhai ukiibonyeza hurudi. Nyama hii haikurudi. Akaungoja ule mguu. Akabonyeza mahali pengine, pakawa vilevile. Akabonyeza mguu wa pili. Maji ya udhu yakawa yanamtiririka mikononi naye ameyasahau.

Palikuwa na tende kavu dirishani, akiba ya kufuturia. Akaichukua akaiweka mbele ya mtoto. "Kula, Lubna." Mtoto akaitazama ile tende kama mtu anavyotazama jiwe, kisha akageuza uso polepole ukutani.

Hapo Ghalib akafahamu kwamba mtoto hakuwa anasubiri. Alikwisha kupungukiwa na nguvu za kutaka. Na masikioni mwake sauti ya rafiki yake ikasema, kama aliye nyuma ya mlango: *nitakuulizia yeye kabla sijakusalimu.*

Akamfunika kwa shuka, akamkimbiza kwa Tabibu Nadhir, aliyekuwa hodari wa tiba na mwepesi wa hasira.

Tabibu alimlaza mtoto mkekani. Akaibonyeza miguu yote miwili, akashusha kope la jicho akaona weupe ndani yake, akaushika mkono juu ya kiwiko na kuuzungushia vidole vyake, vikakutana. Akashika unywele mmoja, ambao rangi yake ilikuwa imegeuka kutu, akauvuta kidogo. Ukatoka bila mtoto kupepesa.

"Amekuwa akila nini?"

"Tunachokula sisi. Uji wa shayiri na chumvi."

"Na maziwa? Yai? Samaki mkavu? Adesi?"

"Nyumba yetu ni ya zuhudi, Tabibu."

"Zuhudi ni ya nani, yako au yake?" Nadhir aliinua uso. "Wewe umeshajengwa, Ghalib, sasa unakaa tu ndani ya nyumba. Huyu bado anajengwa, nawe umekuwa ukimkandikia kuta kwa maji matupu. Unadhani amenenepa? Haya ni maji. Ukiyaondoa, chini yake hakuna kitu."

"Lakini hajalia," Ghalib alinong'ona. "Zamani alilia sana. Siku hizi halii."

"Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko uvimbe."

Ghalib akataka kusimama. "Nitamchinjia mbuzi leo hii. Nitampa samli, nitampa…"

"Utamuua!" Tabibu akamshika nguo. "Niliwaona watu waliotoka katika njaa ndefu wakaandaliwa karamu, wakafa vidole vyao vingali na mafuta. Wewe huchoma vyungu. Tanuri lililopoa ukilipandisha moto kwa ghafla, huwaje?"

"Vyungu hupasuka vyote," Ghalib alijibu.

"Basi washa moto mdogo. Maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa, yapunguze nguvu kwa maji yaliyochemshwa, tia asali kidogo na tone la mafuta ya ufuta. Kikombe kidogo, kisha kingine baada ya muda mfupi, mchana kutwa na usiku usiuache upite mtupu. Mkumbatie kifuani, mwili huu umekosa moto wa kujipasha. Akiharisha usimkatie. Akishikwa na homa, au akipoa mikononi mwako, nijie mbio. Nyama na samli visimkaribie mpaka yeye mwenyewe atake kula. Nawe ujue jambo moja: kabla hajapona ataonekana amezidi kuharibika. Maji yakitoka utaiona mifupa. Ukiingiwa na hofu ukamshindilia chakula, umemzika."

Ghalib alitoa mitungi yake yote mizima akapata mbuzi mmoja wa maziwa. Yeye na Bi Rabab wakapokezana mtoto kifuani kama watu wanaopokezana kaa la moto lisizimike. Kikombe kilikuwa kidogo hata mkono wake mkubwa uliona haya kukishika. Tone kwa tone, mdomo wa mtoto ukipokea na mara nyingine ukikataa. Baina ya kikombe na kikombe Ghalib aliweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, akingoja pumzi. Pumzi ikichelewa, naye aliizuia yake.

Kisha ikawa kama alivyosema tabibu. Miguu ikasinyaa. Mashavu ya tende yakazama, mbavu zikatokeza, na uso wa Lubna ukawa wa ajuza mdogo. Kila asubuhi Ghalib alipofunua shuka, alihisi ameitazama sanda. Moyo ulimwambia: mpe zaidi, kikombe kimoja tu zaidi. Mkono wake ukanyooka kwenye maziwa, naye akauzuia kwa mkono wa pili, akileta istighfari.

Bi Khawla alipomwona mtoto, alipiga ukelele uliokusanya mtaa. Akaenda akarudi na bakuli la mchuzi wa kondoo, samli ikielea juu, na watu nyuma yake.

"Ondoka hapo, Ghalib! Mtoto alikuwa ananawiri, umemfanya nini? Zahidi gani huyu anayemfungisha saumu mtoto asiyejua hata kuoga? Maziwa ya kikombe cha kuchezea! Paka wangu hanywi hivyo!"

"Usimpe, dada yangu. Nakusihi kwa aliyekuumba."

"Unaogopa nini? Atashiba?"

Mchuzi ulinukia, na nyuso zile mlangoni zilikuwa za watu waliomheshimu maisha yake yote. Lau angenyamaza akaupokea, jina lake lingesalimika siku ile. Ghalib akasimama baina ya bakuli na mtoto.

"Sikilizeni," akasema. "Huyu mliyempa jina la Mtoto wa Subira alikuwa anakufa mbele ya macho yetu, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Alilia njaa, nikamfundisha kunyamaza. Aliponyamaza, nikajisifu. Kule kunawiri mlikokuona kulikuwa maji; niliubonyeza mguu wake kwa kidole, na shimo likabaki. Semeni ubaya wangu mpendavyo, lakini bakuli hilo leo ni sumu kwake, na mimi nimeshamdhulumu mara moja."

Bi Khawla akalitazama bakuli lake, akamtazama mtoto. Alikuwa na mjukuu nyumbani, naye kwa siku kadhaa alikuwa amemsifu kwa utulivu. Akaliweka bakuli chini taratibu. "Ni kidole gani," akauliza kwa sauti ndogo, "mnachobonyezea?"

Watu walitawanyika, Ghalib akarudi kwenye kikombe chake na hofu yake. Siku zikapita hivyo. Hata asubuhi moja, Lubna alipomaliza maziwa, Ghalib alitaka kukiondoa kikombe kama kawaida, akahisi kizito. Akatazama. Vidole vyembamba vilikuwa vimekikamata. Mtoto akachungulia ndani, akaona hakina kitu, uso ukakunjamana, akakitupa kikapasuka ukutani, na akalia kilio cha kusikika sokoni.

"Yameisha! Kwa nini yameisha? Nataka tena!"

Ghalib alianguka kusujudu juu ya vigae vile vile, na Bi Rabab akakimbia kumwita tabibu huku akicheka na kulia. Tangu siku hiyo wakamwongezea kwa uangalifu: maziwa yasiyopunguzwa, kisha uji mzito wenye adesi, kisha yai, kisha samaki. Haukupita muda mrefu kuku wa mtaa wakaanza tena kukimbia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ghalib, na atusamehe sisi. Subira ni taji, lakini tumvike nani? Anayeshika kijiko ndiye anayetakiwa kusubiri. Mwenye njaa ana haki ya kulia, na mdogo, na mzazi aliyelala kitandani, na mjamzito, hawa hatupimi zuhudi yetu matumboni mwao.

Wamesimulia kwamba ukame uliporudi miaka ya baadaye, Ghalib alikuwa akizunguka mitaani na mbuzi wake, akisimama kwenye kila mlango kusikiliza. Penye mtoto anayelia alipita, akiahidi kurudi. Penye kimya, alibisha hodi kwanza.