Kindi, Fisi na Mkate wa Idi

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Na mkubwa na mdogo!
Na nani alishiba?
— Tuambie wewe, sisi hatukuwepo!

Basi palikuwa na Kindi, mdogo wa umbo, mwingi wa maneno. Mwaka mzima alitamani kuona meli. Idi ilipofika akapika vitumbua, sambusa na mkate wa kumimina, akavitia kikapuni, akashika njia ya mji wa bandari. Njiani akamkuta Fisi.

"Nami naenda kutembea," akasema Fisi, pua imeshaingia kikapuni. "Nitakusindikiza, mjukuu wangu."

Kindi angekataaje? Meno yale mnayajua.

Wakafika ngomeni. Wakatazama mizinga, wakaketi kivulini. Kindi akafungua kikapu.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza Fisi.

"Wewe, babu."

"Mdogo huanza kula kabla ya mkubwa?"

"Haanzi, babu."

Fisi akaanza. Nyafu, nyafu, gubu! Vitumbua kwisha.

Wakafika kwenye mnara wa taa. Kindi akafungua kikapu.

"Nani mkubwa hapa?"

"Wewe, babu."

"Mdogo huanza?"

"Haanzi, babu."

Nyafu, nyafu, gubu! Sambusa kwisha. Kindi akaona uchungu, machozi yakamlengalenga.

Wakafika gatini. Meli ikalia: Buuuuu! Kindi hata hakuifurahia, njaa imemtia kizunguzungu. Umebaki mkate wa kumimina tu, na alikuna nazi yake mwenyewe mpaka vidole vikachubuka. "Huu hanilii, wallahi," akaapa moyoni.

"Babu, ngoja nikanawe mikono." Akajitwika kikapu, huyoo, mpaka kwenye bembea. Watoto wa kunguru, wa kima na wa paka wamejazana na nguo zao mpya.

"Jamani, pale gatini yupo mzee mkubwa, na leo hajaamkiwa na mtu! Wazee siku ya Idi huwa na peremende..."

Hakumaliza. Watoto mbio, tifu tifu tifu, na mama zao nyuma!

Kindi naye akarudi gatini, akamwekea Fisi mkate mbele. Fisi akamega, akafungua kinywa.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba."

Akafungua kinywa.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba!"

Akasokomeza tonge. "Shikamoo, babu!" "Mm-haba!" Tonge likamponyoka, chubwi! baharini.

"Makubwa!" akasema Mama Kima. "Mtu mzima hawezi kuitikia salamu? Huyo ni mkubwa wa wapi?"

Fisi akaogopa kuvuliwa ukubwa wake mbele za watu. Akaketi wima, akaitikia kwa sauti. "Marahaba! Marahaba!"

"Babu," akauliza Kindi kwa adabu, "umeshaanza kula?"

"Nimeanza! Marahaba! Nimeshaanza!"

"Basi na mdogo anaanza."

Nyam, nyam, nyam. Kindi akala mkate wote, huku akiitazama meli inavyogeuka taratibu, kubwa, nyeupe, na moyo wake ukafurahi kweli. Fisi sauti imemkauka, na kunguru ndio kwanza wanawasili.

Ngano yangu naitua hapa; aliyeipenda aibebe, aliyeichoka aniachie.

Na funzo lake, wanangu, ni kwamba wakubwa waheshimiwe. Ukimwona mkubwa anakula peke yake, usipite kimya. Mwamkie. Kisha waite na ndugu zako wamwamkie, mmoja mmoja, bila haraka.