Biti ya Tundu la Nne

Hapo zamani, wala si zamani za majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na marafiki watatu pale Korogwe. Walichanga wakanunua mashine ndogo ya kuchonga mbao, ile inayofuata amri za kompyuta, wakaiweka kwenye banda nyuma ya nyumba ya Mwajabu. Haikuwa kazi ya kuwapa ugali. Ilikuwa starehe yao ya Jumamosi.

Mwajabu ndiye aliyechora, na ndiye aliyetunza orodha ya biti, yaani vyuma vya kukatia: ya tundu la kwanza unene wake huu, ya tundu la pili ule. Kompyuta haina macho, jamani. Inaamini orodha, na kwa unene ulioandikwa humo ndipo inapojua ipite mbali kiasi gani na mstari. Shekiango alitunza biti zenyewe kwenye kibao chenye matundu ya namba. Kwa kuwa mashina ya biti hizo, pale zinaposhikwa na mashine, yote yalilingana unene na watu walikuwa wakizichanganya, alizipaka rangi ya kucha ya mkewe: buluu ni milimita tatu, nyekundu ni sita. Hizza yeye alifunga biti na kuwasha mashine.

Bi Nasra, mjane wa jirani, akawaletea ubao wa mvule. Marehemu mumewe aliupasua mwenyewe, akauweka uvunguni miaka kumi na tano, uje kuwa mchago wa kitanda cha binti yao siku atakapoolewa. Sasa anaolewa. Ubao ni huo mmoja, na aliyeupasua hayupo. Wakamwahidi maua ya asumini, membamba kama ya kudarizi.

Wiki hiyo biti ya tundu la nne, ya milimita tatu, ikavunjika. Shekiango akachomeka ya milimita sita mahali pake, akaipaka nyekundu, akaenda zake. Jumamosi Mwajabu akachora maua, akachagua biti ya tundu la nne, ambayo orodhani bado ni ya milimita tatu, bila kunyanyuka kwanza kukitazama kibao, jambo ambalo siku nyingine hakuliacha, maana Bi Nasra alishatuma mtu mara mbili kuulizia. Hizza akaifunga biti, akaiona nyekundu, akasita, akabonyeza. Biti nene ikapita njia ya biti nyembamba. Maua yakaliwa yote, mvule ukabaki mashimo.

Mwajabu alikaa chini kwenye vumbi la mbao.

"Mimi rangi niliipaka," Shekiango alisema. "Orodha ningeirekebishaje, nawe umeifunga kwa neno la siri?"

Kweli Mwajabu aliifunga, kwa sababu siku moja Shekiango aliichezea akafuta nusu yake. Mwajabu akamjibu kwamba mdomo hakumfunga; simu anayo, na kutwa anawatumia vichekesho. Lakini moyoni alijua kuwa hatua nne tu zingemfikisha kwenye kibao.

Hizza akajitetea kuwa nyekundu aliiona, ila alidhani mchoro umebadilishwa.

"Kila nikikuuliza, Mwajabu, unaniambia fuata skrini. Nikaifuata."

Na hilo nalo lilikuwa kweli, tena lilimchoma kuliko yote.

Wakakubaliana kwamba mwenye kosa atangulie kuingia kwa Bi Nasra na kumweleza. Wakaufunga ubao kwa kanga, wakaubeba watatu hadi kwa Bi Nasra. Mlangoni wakasimama. Kila mmoja akamtazama mwenzake, na wakati wanatazamana, Bi Nasra akasikia nyayo zao, akamwita bintiye kutoka uani.

"Njoo mwanangu, mchago wa baba yako umefika."

Haya, nyie mliokaa kunisikiliza, msinitazame mimi. Komeo linavutwa, mlango unafunguka. Je, nani alistahili kutangulia kuingia?