Chui Alipokwenda Kuwapatanisha Watani

Paukwa!
— Pakawa!
Mlango umefungwa?
— Uko wazi!
Basi uongo na uingie, ukweli ukae barazani ungoje zamu yake.

Hapo kale, nchi zilipokuwa ndogo na midomo ilipokuwa mikubwa, palikuwa na nchi tatu zilizokunywa chemchemi moja. Majabali, nchi ya pimbi. Vichakani, nchi ya nungunungu. Nyasini, nchi ya kanga. Hazikuwa na jeshi, hazikuwa na ngome. Zilikuwa na baraza. Baraza lilikutana, likala, likakubaliana kukutana tena. Msicheke! Mnalijua baraza lililofanya zaidi ya hapo?

Mjumbe wa Majabali alikuwa Bi Pimbi, mama wa watoto wengi na maneno mengi zaidi. Nyumba yake ilikuwa jiwe la kwanza juu ya chemchemi. Adui angekuja, watoto wake ndio wangeliwa kwanza. Kwa hiyo hakukosa kikao.

Mjumbe wa Vichakani, Bwana Nungu, alikuwa mtani wake. Utani mnaujua. Mababu zao walipigana mpaka mikono ikachoka, wakaapa: tangu leo tutapigana kwa midomo tu, na ni mwiko mtu kukasirika. Kila asubuhi walikutana majini.

"Ee Nungu! Umeamka, au ni fagio limesahauliwa njiani?"

"Nimeamka, Bi Pimbi. Nimekuona umejianika juu ya jiwe kama andazi lililokosa mnunuzi."

"Hivi mkeo hukukumbatia upande gani?"

"Upande usio na maneno yako!"

Wakateka maji, wakaulizana habari za watoto, wakaenda zao.

Sasa siku moja Chui alikuwa amejificha kando. Chui alitoka ng'ambo ya mlima, na huko kwao utani haukuwepo. Huko mtu akitukanwa, mtu huzikwa. Akasikia fagio, akasikia andazi, akalamba midomo. "Hawa watauana kabla ya jua kutua," akasema. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru."

Akaanza kwa Bi Kanga, mjumbe wa Nyasini, mama mwoga aliyekuwa hana mtani hata mmoja.

"Majirani zako wanakaribia kupigana, mama. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nikupe fisi wakulinde."

"Kwa malipo gani, mzee?"

"Bure! Watakula watakachokikuta."

Bi Kanga akakubali. Yakapotea mayai. Akawauliza walinzi. "Tunachunguza," wakasema. Kikapotea kifaranga. "Uchunguzi unaendelea vizuri." Vikapotea vyote. "Hiyo sasa ni siri ya usalama," wakasema fisi, na manyoya yakawatoka puani.

Bi Pimbi alikwenda kumpa pole. Akakiona kiota kitupu. Aliporudi nyumbani, nani yuko mlangoni? Chui!

"Mama, nimesikia kwa masikio yangu. Nungu kakuita andazi."

"Andazi lililokosa mnunuzi," Bi Pimbi akamsahihisha.

"Pole sana. Nitakuletea fisi."

Bi Pimbi nusura acheke, lakini akawatazama watoto wake wamelala juani. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Akikataa, Chui ataingia kwa nguvu. Akikubali, ataingia kwa adabu. Akafikiri, kisha akauliza:

"Walinzi wako wataapa?"

"Wataapa."

"Kumpiga yeyote atakayenitukana au kuniinulia mkono?"

"Yeyote."

"Hata akiwa ndugu yao?"

"Hata akiwa mama yao!" Chui akajipiga kifua.

"Basi waje kesho asubuhi, hapo majini."

Chui alipoondoka, Bi Pimbi akashuka mbio mpaka Vichakani. Akamnong'oneza Bwana Nungu: Chui akija kwako, kubali, na kiapo kiwe hicho hicho. Bwana Nungu akamtazama sana. "Nilidhani kichwa hicho umepewa cha kubebea masikio," akasema. Chui alipofika kwake, Nungu akalia, akaomba walinzi, akataka kiapo.

Asubuhi nchi zote tatu zikajaa chemchemini. Fisi wakaapa huku, fisi wakaapa kule. Chui akakaa juu ya jiwe, kama mwenye maji.

Bi Pimbi akakohoa. "Ee Nungu! Huo mgongo, au umelalia uzio wa jirani?"

Fisi wa Nungu wakamrukia. Fisi wa Bi Pimbi wakawadaka hewani. Puu!

"Kaka, ni mimi!"

"Najua ni wewe, lakini nimeapa!"

Wakapigana, wakachoka, wakataka kupumua. Nungu naye, "Bi Pimbi, shuka hapo juani, utaungua upande mmoja!" Puu! Wakaanza upya. Wakataka kupumua. "Nungu, nywele zako zimemwogopa nani?" Puu!

"Nyamazeni!" Chui akanguruma. "Mkinyamaza watapumzika!"

"Hatuwezi, mzee," Bi Pimbi akasema kwa upole. "Hizi ni salamu. Tusiposalimiana, watu watadhani tumegombana."

"Kwani ninyi si maadui?"

"Maadui? Sisi ni watani!"

Fisi mmoja akainuka, sikio linaning'inia. "Bwana, ulituambia huku kuna vita na kule kuna vita. Kumbe vita ni sisi!" Wakaondoka wakichechemea, na wale wa Nyasini wakawafuata. Walikuwa wameona kazi ya ulinzi ilivyo, hawakuitaka tena.

Chui akabaki peke yake. Akatabasamu. "Basi nami niwe mtani wenu."

"Karibu," akasema Bi Pimbi. "Lakini mtani hakasiriki."

"Sikasiriki."

Bwana Nungu akamgeuzia mgongo, akamsalimu. Miiba ikamjaa puani.

"Mtani hakasiriki!" umati ukaimba.

Watoto wa Bi Pimbi wakamsalimu kwa mawe.

"Mtani hakasiriki!"

Kisha wote wakamgeukia Bi Kanga. Hakuwahi kumtukana mtu. Akasogea mbele.

"Chui," akasema, "una madoa. Hata mimi ninayo. Lakini yangu sikuyapata kwa kula watoto wa watu."

Hakuna aliyeimba. Chui akatazama huku, nchi moja. Akatazama kule, nchi ya pili. Nyuma yake, nchi ya tatu. Akainamisha kichwa chenye miiba, akavuka mlima.

Bi Kanga akaweka matanga ya wanawe. Bi Pimbi na Bwana Nungu wakaja kama watani wanavyokuja msibani: wakateka maji, wakapika, wakafagia. Kisha Bi Pimbi akaketi kando ya mfiwa.

"Bi Kanga, unalia vibaya. Sauti kama mlango wenye kutu. Watakimbia hata waliokuja kukupa pole."

Bi Kanga akafuta machozi, akamtazama juu mpaka chini.

"Na wewe," akasema, "nyanyua makalio hayo, umekalia kiota changu."

Akacheka huku analia, na Bi Pimbi naye akalia huku anacheka. Tangu siku hiyo nchi tatu zikawa watani, na Chui hakurudi.

Ngano yangu imekunywa maji, imelala. Mkiona utamu, gawaneni. Mkiona uongo, niachieni, ni mali yangu.