Kakakuona na Kelele za Mashabiki

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, Mungu awape uhai. Sogeeni, watoto kwa wazee, nafasi ipo.

Hapo kale, kale ya mbali, wanyama wa Bondeni na wanyama wa Kilimani walikuwa na bwawa moja. Masika maji ni tele, hakuna ugomvi. Kiangazi maji ni kidogo. Basi wakapatana. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, watacheza mpira. Watakaoshinda watakunywa kwanza mpaka mvua irudi. Watakaoshindwa watakunywa matope. Wakitoka sare, walioshinda mwaka uliopita wanabaki na bwawa.

Mpira wenyewe ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kwa kamba. Unaubeba, au unamrushia mwenzako. Ukiufikisha nyuma ya mstari wa mawe wa wapinzani, umefunga bao. Una majaribio manne tu; ukiangushwa, au mpira ukianguka, jaribio moja limekwisha. Ukishindwa mara nne, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Mwaka uliopita Bondeni walishindwa, wakanywa matope. Bi Kanga alikuwa na vifaranga sita. Matope yakawaua wawili. Wakabaki wanne, wembamba, shingo kama nyuzi.

Kocha wa Bondeni alikuwa Kakakuona. Mnamjua Kakakuona? Magamba mwili mzima, gamba juu ya gamba. Mpole, mchapakazi. Lakini Muumba alimpa tabia moja: akisikia kelele, hujikunja. Kichwa ndani, mkia juu ya kichwa, anakuwa duara.

Katika timu yake alikuwamo Nyati mwenye nguvu. Alikuwamo Tembo mwenye mkonga mrefu wa kurushia. Alikuwamo Swala mwenye mbio, anayedaka mpira kwa pembe. Lakini Swala alisimama pembeni tu, anakula majani. Kwa nini? Kwa sababu kila jaribio Kocha alisema neno lile lile:

"Nyati. Katikati. Taratibu."

Siku ya mchezo ikafika. Kilimani walileta Ngiri watupu, wafupi, wanene, wamejipanga katikati kama ukuta.

"Nyati. Katikati. Taratibu."

Nyati akaenda. Du, du, du, puu! Hatua mbili.

"Nyati. Katikati. Taratibu."

Du, du, du, puu! Hatua moja.

Juu ya mgunga alikaa Ngedere, mkubwa wa mashabiki. Akashika kichwa.

"Kocha weee! Hata marehemu bibi yangu anajua kuwa Nyati anapita katikati! Wale Ngiri wanacheza huku wamelala!"

Mashabiki wakacheka, lakini kicheko chenye uchungu. Ngedere akaanza kuimba, wakamwitikia:

"Rusha, Tembo, rusha!
Swala yuko peke yake!
Rusha, Tembo, rusha!
Swala yuko peke yake!"

Kakakuona akazisikia kelele. Akaingiza kichwa. Mkia ukafuata. Ndani ya magamba ikatoka sauti ndogo:

"Nyati. Katikati. Taratibu."

Du, du, du, puu! Safari hii hata hatua moja haikupatikana.

"Mwoga!" akapiga kelele Ngedere. "Toka huko! Tupishe!"

Kelele zikazidi, naye akazidi kujikunja. Mnaona, wanangu? Walipiga kelele ili afungue mchezo, naye akafumba hata macho.

Jua likapanda. Bao hakuna, huku wala kule. Mchezo ulikuwa unakwisha adhuhuri, kila kivuli kinapoingia chini ya tumbo la mwenyewe. Vivuli vilikuwa vimekaribia. Bondeni wakapata mpira kwa mara ya mwisho. Nyati akaenda, puu. Nyati akaenda tena, puu. Yakabaki majaribio mawili.

Hapo Bi Kanga akainuka. Akawaacha vifaranga wake wanne chini ya mgunga. Akauzunguka uwanja, polepole, kwenda kwa Kocha.

"Nenda, Bi Kanga!" akasema Ngedere. "Mdonoe! Wewe ndiye mwenye haki!"

Mashabiki wakanyamaza, wapate kumsikia akimkaripia.

Bi Kanga akachutama kando ya lile duara.

"Hodi, kaka."

Duara likazidi kujikaza.

"Ni mimi, mama wa wale wawili."

Gamba moja likatikisika. "Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kushukuru. Mwaka jana ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilitaka kuwazika wanangu, kucha zangu zikashindwa. Ukaja bila kuitwa. Ukachimba asubuhi mpaka adhuhuri. Ukaondoka, hata pole yako sikuijibu. Aliyefiwa, kaka, hushukuru kwa kuchelewa. Ulimi huwa mzito. Leo umekuwa mwepesi. Ahsante."

"Lakini tukishindwa leo, Bi Kanga, wale wanne..."

"Wale wanne ni wa Mungu, na wewe ni wake. Mpira mimi siujui, sikuja kukufundisha. Nimetoa shukrani yangu tu."

Kakakuona akajikunjua. Mkia ukashuka. Mgongo ukanyooka. Kichwa kikatoka, macho yamelowa. Akautazama uwanja, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akawaona Ngiri wote wamesongamana katikati. Akaona pembeni kweupe. Akamwona Swala anatafuna.

"Kumbe!" akasema. "Swala! Acha kula! Tembo: rusha, mbali!"

Tembo akageuka. "Mimi, Kocha?"

"Kuna mwenye mkonga mwingine hapa?"

Tembo akarusha. Nyuuu! Mpira ukapaa. Swala akaruka. Mpira ukagonga pembe, ukateleza, ukaanguka. Pu!

Likabaki jaribio moja.

Mashabiki wakavuta pumzi. Ngedere akafungua mdomo. Shingo ya Kakakuona ikaanza kurudi ndani. Bi Kanga akamtazama Ngedere. Alimtazama tu. Ngedere akaumeza ukali wake, nusura umkabe.

"Aa... ahsante, Kocha!" akasema. "Ahsante kwa kurusha! Mpira... mpira ulikuwa mzuri!"

"Ahsante, Swala!" wakaitikia wengine. "Inuka, baba! Jaribu tena!"

Shingo ikatoka tena nje.

Ngiri wakacheka. "Wameshaogopa hao. Sasa watarudi kwa Nyati." Wakasongamana katikati, bega kwa bega.

"Tembo," akasema Kakakuona. "Rusha. Mbali."

Nyuuu! Swala akaruka. Chwa! Mpira ukakita penye pembe. Swala akakimbia, ti, ti, ti, ti, Ngiri wanageuka, wanagongana, wanaangukiana. Swala akauruka mstari wa mawe. Bao!

Ngedere akaanguka kutoka mtini kwa furaha, akaamka anacheza.

Kiangazi kile Bondeni wakanywa kwanza. Wakanywa kwa kiasi, wakawabakizia Ngiri maji safi, kwa kuwa wao waliyajua matope. Na vifaranga wanne wa Bi Kanga, kwa rehema za Mola, wakaota manyoya, wakaiona masika.

Mafunzo yake ni haya. Mwenye hofu hafunguliwi kwa kelele. Kama kuna shukrani umechelewa kuitoa, itoe leo, kwani hujui itamfungua nani macho.

Hadithi yangu naitua hapo. Iliyowafaa chukueni, na Mungu awafikishe nyumbani salama.