Hodi kwa Nyamizi

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mwaitikia kama mmelala? Paukwa!
Pakawaaa!

Haya, nyie wa nyuma acheni kusukumana. Hapo zamani za kale kijiji kimoja kilipata wageni. Walitoka milimani wakikimbia vita, miguu imepasuka, kichwani hawana hata mzigo. Miongoni mwao alikuwamo mama kijana, Nyamizi, na mwanawe mchanga, Masele, mgongoni.

Aliyempokea ni Bibi Siwema. Ah, Bibi Siwema! Mfupi, mkali, cheko lake lasikika mpaka kisimani. Watu wa namna ile hawapo tena, na nikiwakumbuka moyo unaniuma. Alimpa Nyamizi chumba, kitanda cha kamba na kanga zake mwenyewe.

Lakini Nyamizi hali. Akitia tonge mdomoni, koo linafunga. Kwi! Akinywa uji, koo linafunga. Kwi! Usingizi haumjii. Moyo unamwenda mbio, dudududu, hata akiwa ameketi tu. Maziwa yakaanza kukauka. Masele akanyonya, asipate kitu, akalia. Mwisho hata kulia akaacha.

Kijiji kikasema yake. "Ana minyoo." "Amerogwa." "Anaringa huyo, chakula chetu hakimpendezi." Mganga akaja, akatwanga mizizi, twa! twa! twa! Nyamizi akainywa kwa adabu, akashukuru, akaenda kuitapika nyuma ya nyumba. Kila aliyemjulia hali alijibiwa, "Sijambo, nashukuru." Na huku anaona kabisa kwamba mwanawe anamponyoka.

Asubuhi moja walikuwa wakichambua mchicha, Bibi akauliza, "Mwanangu, baba yake Masele yuko wapi?"

"Tulimzika njiani, Bibi."

"Mlimlilia?"

"Adui alikuwa nyuma yetu. Tulifukia, tukakimbia."

"Na tangu ufike hapa, umemlilia?"

Nyamizi akashtuka. "Bibi! Nitaliaje uani kwako? Kwetu mgeni akilia kwa mtu, amemtangaza mwenyeji kwamba ni mbaya. Wewe umenipa kila kitu. Nikuaibishe?"

Bibi akaweka mchicha chini. Akachukua jembe, akachora mstari katikati ya ua. Kwaruuu! Akabeba mafiga yake, akayatua ng'ambo ya mstari. Pu! Pu! Pu!

"Huko ng'ambo ni kwako," akasema. "Sikuazimi, nakupa." Kisha akabaki upande wake, akajifunga kanga vizuri, akaita, "Hodi! Hodi kwa Nyamizi!"

Nyamizi akavuka mstari, akasimama kando ya mafiga.

"Hodi! Mwenye nyumba hayupo? Mtanianika juani mpaka lini?"

"Karibu," akasema Nyamizi, kwa sauti ndogo. Tangu atoke milimani hakuwa amemwambia mtu neno hilo. "Karibu, Bibi. Karibu kwangu." Bibi akavuka mstari, Nyamizi akampa kigoda, akampa maji. Bibi akayanywa yote, akafuta mdomo.

"Mwenye nyumba," akasema, "nimekuja kukupa pole ya msiba."

Uwiii! Nyamizi alilia, nyie! Alimlilia mumewe kwa jina lake, akalilia na milima. Wanawake wakaziacha ndoo kisimani wakaja mbio, na kila mmoja alisimama kwanza mstarini akapiga hodi. Wakakaa matanga. Chungu kikachemka juu ya mafiga yale, na Nyamizi, mwenye msiba, akanywa uji. Koo halikufunga.

Hakupona siku ile ile, msidanganyike. Zipo asubuhi moyo uliporudia mbio zake, naye Bibi alikuja kupiga hodi na kukaa naye. Lakini maziwa yalirudi. Masele akalia tena, akalia mpaka majirani wakasonya.

Miaka ikapita. Masele ameota ndevu, Bibi Siwema akafariki. Waliofika msibani walimkuta Nyamizi upande wa Bibi wa ule ua, amejitupa chini, analia kwa sauti. Shangazi mmoja wa kule milimani akaona haya, akamnong'oneza, "Nyamizi, unalia uani kwa mtu?"

"Kwa mtu gani?" akajibu Nyamizi. "Hapa ni kwa mama."

Basi, wanangu, mgeni akiwaambia hajambo, msiridhike upesi. Muulizeni alimwacha nani njiani, kisha mpeni mahali pa kumlilia. Hadithi yangu naitua hapa, pu! Aliyeipenda aibebe.