Ubeti Uliobaki wa Mzee Mwinjaka

Wengine watawasimulia haya kwa kusikia. Mimi nilikuwepo hapo Pangani, chini ya dirisha la marehemu, na masikio yangu husikia hata chungu akipiga chafya. Kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Mzee Mwinjaka, mshona kofia na malenga, alikuwa na wanafunzi watatu. Shekue alijaliwa hesabu: umtajie mshororo, kabla hujafunga mdomo amekwambia una mizani ngapi na vina vimekaa wapi. Zamzam alijaliwa jicho: akitazama kitu, huona kingine ndani yake. Nyange alijaliwa koo: akighani, hata wauza samaki hunyamaza.

Mzee akafa ghafla. Tangu maziko, mkewe Bi Tufaha hakulia, hakusema, hakula. Alikaa eda nyuma ya pazia, mapajani kofia ambayo mumewe hakuimaliza. Mkunga wa mtaa alimtazama, akatoka akisema asipolia huyu, lichimbwe kaburi la pili kabla ya arobaini.

Marehemu alikuwa akimtungia mkewe shairi. Ubeti wa mwisho ulikuwa na kibwagizo tu. Mishororo mitatu ya juu haikuwepo. Na kwa ukoo ule, shairi la maiti haliachwi na pengo. Bwana Saburi, ndugu wa marehemu, akawaita wale watatu: jazeni, huenda akalia. Atakayemliza atapewa daftari la Mzee, lenye mashairi ambayo hakuna aliyewahi kuyanakili.

Shekue alilitamani daftari lile mpaka likamwingia ndotoni. Akatunga peke yake: "Wewe kama uzi wangu," na kuendelea, nane kwa nane, vina vimenyooka. Zamzam akaingia kumsomea, maana mjane ni shangazi yake. Bi Tufaha hakupepesa jicho.

"Umejenga nyumba nzuri, kaka," Nyange akamwambia Shekue. "Mbona haina mtu ndani?"

Naye akasimama nje ya pazia, akaghani kile kibwagizo kitupu. Majirani wakalia. Mjane, kimya.

Ndipo Zamzam akasema tashbihi ya Shekue imebisha hodi ikabaki mlangoni. Istiari ndiyo huingia ndani. "Liache hilo 'kama'. Mzee hafanani na kofia ile. Ndiye kofia yenyewe. Hajaisha, na sindano imo."

Lakini maneno yake yalikuwa marefu kama msafara wa mazishi. Hayakuingia katika bahari yoyote ya ushairi. Shekue akakaa nayo tangu alfajiri hadi adhuhuri, anahesabu kwa vidole, anakata. Kila alichokata kilimuuma, na kilichobaki kilimuuma zaidi, kwa kuwa kilishinda yote aliyowahi kutunga, na mbegu haikuwa yake.

Ni kofia sijaisha, sindano bado i ndani,
Kushona umesitisha, uzi umo kiganjani,
Lia, chozi laniosha, vumbi la humu shimoni,
Siendi ninangojea, mlango usiufunge.

Alasiri Nyange akaghani. Alipofika kwenye "Lia" akazuia pumzi, vilevile alivyozoea marehemu, kisha akaachia. Nyuma ya pazia ikasikika sauti kama kitambaa kinachochanika. Bi Tufaha alilia hadi Magharibi. Akaomba uji, akanywa mafunda mawili.

Bwana Saburi akamuuliza daftari lipewe nani.

"Mpeni aliyenifungua," akasema.

Alipoulizwa ni yupi, alikuwa ameshaugeukia ukuta. Siku ya tatu wakamlaza kando ya mumewe.

Tangu hapo wale watatu hawasalimiani. Shekue husema bila mizani yake yale yangekuwa maongezi ya kisimani. Zamzam husema bila kofia, mizani ni debe tupu. Nyange huuliza: yalipokuwa karatasini, alilia nani? Shekue, nawaambieni, akibaki peke yake hujiuliza iwapo anagombea daftari au anamgombea maiti. Hathubutu kusema. Nalo daftari limo sandukuni kwa Bwana Saburi, na mchwa hawangoji hukumu.

Mmoja aliukata ubeti, mmoja aliuona, mmoja aliutoa. Je, wewe ungempa nani?

Yote niliyosema ni kweli tupu, isipokuwa uji. Uji hakuomba, wala hakunywa. Ni mimi niliyeutia humu, kwa kuwa sikuweza kumwacha mama wa watu aende na njaa.